Chipu Iliyosafiri Ndani ya Rasta

Vijana wa karakana, mmenisumbua tangu siku niliyokabidhi funguo: mzee andika, mzee andika. Haya, naandika. Mimi shule niliishia darasa la nne kule Kigoma, kwa hiyo mkikuta sentensi imepotea njia msiikimbilie, isubirini, itarudi yenyewe. Vyeo na mishahara siandiki. Cheo nilikuwa nacho kimoja tu, fundi, nikaingia nacho na nikatoka nacho. Nitaandika hasa juu ya mashine moja ya sataranji, kwa kuwa ndiyo kazi ya mwisho kwenye daftari langu, na imenikera kuliko kazi zote nilizowahi kushika, na nyinyi mlinicheka bila kujua mnachocheka.

Lakini nianze mwanzo. Kazi nilijifunza Rosettenville, hapa hapa Johannesburg, kwa Senhor Tavares, Mreno aliyezaliwa Msumbiji, mwenye karakana ya redio nyuma ya duka la mikate. Nilikuwa nimefika mjini kwa kupitia Zambia, na habari za safari ile naziacha maana nikizianza hatutafika kwenye mashine. Kulikuwa na basi lisilo na breki, na mbuzi. Basi, nimeziacha. Tavares aliniangalia mikono kabla ya uso.

"Unajua kutumia bisibisi?" aliniuliza, kwa Kiingereza chake kibovu, nami nikamjibu kwa changu kibovu zaidi.

"Najua, Senhor."

"Unajua kutoitumia?"

Nikaitazama bisibisi iliyokuwa mezani.

"Hilo ndilo litakalokuchukua miaka," akasema, na kweli lilinichukua miaka.

Siku ile ile akaniwekea mbele droo iliyojaa chipu. Chipu ya zamani ilikuwa kidude cheusi chenye miguu pande mbili kama tandu, na mgongoni imeandikwa namba inayokuambia ni chipu ya kazi gani. Hizi migongo yake ilikuwa mitupu. Ilisuguliwa kwa msasa mpaka ikang'aa kama kichwa changu kilivyo sasa.

"Senhor, namba ziko wapi?"

"Zilibaki njiani."

Ndipo akanieleza. Miaka ya vikwazo dhidi ya makaburu, serikali za ng'ambo zilikataza vifaa vya elektroniki visiuzwe kwa polisi na jeshi la nchi hii. Wauzaji wakaogopa, wengine wakaacha kuuza hata kwa mtu wa redio kama yeye. Wale wasioogopa wakapitisha mizigo nchi ya tatu na kukwangua namba, ili ikikamatwa asijulikane aliyeuza. Mimi sisemi vikwazo vilikuwa vibaya. Wenyeji wenyewe walivitaka, na walikuwa na haki yao. Nasema tu kwamba wakubwa walipata walichotaka, na fundi ndiye aliyebaki na droo ya vitu visivyo na majina. Wiki tatu nzima kazi yangu ilikuwa kushika mita na kuiuliza chipu moja moja: wewe nani? Nyingine hazikujibu. Nilianza kuziota. Nyinyi leo mnalalamika mkisubiri dakika mbili simu ipakue programu.

Mashine za sataranji ndizo zilizokula chipu nyingi za droo ile. Zilinunuliwa na familia za Wazungu huko vitongojini enzi hizo, ikawa fahari kuwa nayo sebuleni. Msifikirie kompyuta yenye kioo kikubwa. Ni ubao wa miraba sitini na minne, pembeni vitufe, na kidirisha kidogo cha maandishi mekundu. Unasogeza askari wako, unabonyeza, taa inawaka, mashine inafikiri. Na ilikuwa inafikiri kweli! Mteja mmoja alituletea ya kwake akasema imekufa. Tavares akaiweka mezani, akaenda kunywa kahawa, aliporudi ilikuwa imejibu.

Mimi sataranji sikuipenda. Mimi ni mtu wa drafti, vizibo vya soda, unapiga ubao mpaka kizibo cha mwenzio kinaruka na kingine kinaingia kwenye chai. Kwenye sataranji watu wamekaa kimya kama wako msibani. Lakini magonjwa ya zile mashine niliyajua yote. Betri zilizovuja zikaacha uchafu wa kijani. Vitufe vilivyomwagiwa pombe. Na zaidi ya yote adapta, ile ya kuchomeka ukutani, kwa sababu kila nyumba ina droo ya adapta na kila mtu anaamini zote ni ndugu. Tavares alikuwa na sheria: mteja akikuambia adapta ni ile ile iliyokuja na mashine, mpe kiti, mpe maji, halafu ipime.

Tavares alipoishiwa nguvu za macho alinipa zana zake, nikahamia Braamfontein, na huko ndiko mlikonikuta. Miaka ya katikati nairuka. Televisheni nyingi, mende wengi ndani ya televisheni.

Sasa. Zikiwa zimebaki wiki saba nistaafu, Mama Riziki akaingia karakana. Mnamjua, msusi wa Bukavu, saluni yake milango miwili kutoka kwetu, ile ambayo muziki wake ulikuwa unatutoboa masikio. Nyuma yake, mkono begani mwake, alikuwa mzee mrefu aliyevaa tai, macho yameingia weupe. Kwapani amebeba kitu kilichofungwa kwenye shuka.

"Fundi, huyu ni Papa Kasongo, tunakaa naye jengo moja kule Berea," akasema Mama Riziki. "Mashine yake imenyamaza. Mtazamie, lakini usimtazamie hivyo hivyo tu. Mtazamie."

Papa Kasongo alikuwa mtu wa Lubumbashi, na Kiswahili chake ni cha huko: watu ni batu, ndiyo na ndipo ni njo. Alilinda geti la nyumba moja ya matajiri miaka kumi na tisa, na mwenye nyumba alipohama nchi akamwachia mashine ya sataranji, kwa kuwa usiku mwingi walicheza pamoja kibandani. Halafu presha ya macho ikamla macho yote mawili. Ila mashine hii ilikuwa ya zile chache zinazosema. Inataja hatua yake kwa sauti, herufi na namba, kwa Kiingereza, kwa pua iliyobanwa kama ya mtu mwenye mafua. Vipande vya ubao wake vina vijiti chini vinavyoingia kwenye matundu, hata ukivipapasa havianguki. Yaani kama imetengenezwa kwa ajili yake.

"Nini kilitokea?" nikamuuliza.

"Umeme ulikatwa, njo ukarudi. Ulirudi na hasira," akasema. "Nikasikia harufu."

"Adapta ni ile ile iliyokuja nayo?"

"Ile ile."

Nikampa kiti, nikampa maji, nikaipima. Haikuwa ile ile. Eish.

Nikamwambia, "Papa, vijana hawa wa karakana wana simu. Ndani ya simu kuna sataranji, inasema, haikuhitaji hata mimi."

"Simu nilijaribu. Inataka niguseguse kioo chenye sioni. Ubao nauona na vidole." Akapapasa ubao. "Na batu je? Pale jengo kuna batu banajua kucheza. Lakini bananihurumia, fundi. Banaona kipofu, banaacha nishinde. Kila siku nashinda! Mutu gani anashinda kila siku? Ile mashini njo peke yake inanipiga kama mutu mzima. Tengeneza ile."

Hapo niliikubali kazi. Na ni hapo nilipokosea, kama mtaniuliza, lakini ningeikataa vipi?

Nikaifungua. Sehemu ya umeme imeungua, hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Nikabadilisha, taa zikawaka, kidirisha kikaandika, mashine ikafikiri vizuri kabisa. Bubu lakini. Chipu ya sauti ilikuwa imekufa, na nilipoigeuza kwenye mwanga niliona mgongo mtupu. Msasa! Baada ya miaka yote ile. Mtu fulani, kabla yangu mimi, aliwahi kuitengeneza mashine hii kwa chipu ya magendo, labda hata ni Tavares mwenyewe, Mungu amrehemu na amkemee kidogo.

Binti yangu Neema ndiye aliyetafuta mtandaoni. Neema amezaliwa hapa, Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Maneno yake nayaandika kwa Kiswahili kwa kuwa karatasi ni yangu. Akapata mchoro wa mashine, akapata namba ya chipu, akampata muuzaji mmoja Amerika aliyebakiwa na moja. Moja! Muuzaji akaleta fomu. Serikali yao, akasema, inataka ijulikane chipu inakwenda wapi na kufanya nini.

Neema akasoma. "Je, bidhaa itatumika kwenye roketi au kombora?"

"Mwambie haijui hata kuruka."

"Baba."

"Andika hapana."

"Je, itatumika kwenye silaha za nyuklia, za kemikali, au za vijidudu?"

"Neema, ni chipu ya kusema E nne!"

"Naandika hapana. Mtumiaji wa mwisho ni nani?"

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo ujinga wangu ulipolala. Ningesema mimi. Fundi, Mtanzania, mwenye karakana, kwisha. Lakini fomu ilisema useme kweli, na mimi mtu wa darasa la nne naogopa fomu kuliko mbwa.

"Papa Kasongo," nikasema.

"Raia wa?"

"Kongo."

"Je, mtumiaji aliwahi kufanya kazi jeshini, polisi au ulinzi?"

"Alilinda geti miaka kumi na tisa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ndiyo."

Neema aliniangalia. "Baba, una uhakika?"

"Andika, mwanangu. Hatuna la kuficha."

Muuzaji akajibu baada ya siku tatu. Nchi ya mtumiaji, akasema, iko kwenye orodha ya nchi zenye vizuizi vya mambo ya silaha, na mtumiaji mwenyewe ametoka kwenye ulinzi, kwa hiyo yeye hawezi kutuma mpaka aiulize serikali yake. Labda miezi miwili. Nikamwambia Neema amwandikie kwamba mtu mwenyewe ni kipofu, anakaa Berea ghorofa ya sita, silaha aliyowahi kushika ni rungu na tochi. Neema akasema akiandika rungu tutazidi kuharibu. Miezi miwili! Mimi nilikuwa nimebakiwa na wiki tano.

Papa Kasongo alikuwa anapita kila Jumatatu. Hakuuliza imefika wapi. Alikaa tu kwenye kiti, akaweka mkono juu ya ubao, akanyanyuka akaenda. Ningependa angenitukana.

Ndipo Mama Riziki akaniambia anakwenda Amerika wiki mbili, dada yake anaolewa. Na nyinyi mnajua mila yetu sisi wageni wa mji huu: mtu akisafiri, si wake tena, ni posta. Kila mtu ana mzigo. Tukakubaliana dada yake ainunue chipu kwa jina lake, huko huko ndani ya Amerika, ambako haihitaji fomu, na Mama Riziki atanibebea. Najua haikuwa njia iliyonyooka. Naandika ilivyokuwa.

"Ni kitu gani hasa?" akauliza.

"Kidude kidogo kama tandu. Ila serikali yao inakiulizia sana, kwa hiyo..."

"Usiniambie zaidi, fundi. Mimi nimepitisha kitenge, nimepitisha samaki wa sambaza, nimepitisha dawa ya meno ya mama mkwe. Kidude kama tandu kitanishinda?"

Ningemwambia zaidi. Hilo "kwa hiyo" langu nimelilaumu mpaka leo.

Akarudi. Nyinyi mlikuwepo, ndiyo siku mliyocheka. Aliingia na mfuko mkubwa wa rasta za kusukia, zile nywele za plastiki, bado ana usingizi wa ndege, anatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi.

"Wamefungua sanduku langu lote," akasema. "Wameshika viatu. Wamenusa unga. Hawakuona kitu!" Akaingiza mkono katikati ya rasta, akachakura, akavuta, zikalia tsss, tsss, zikamng'ang'ania mkononi mpaka kwenye kiwiko. Zikaruka zikanishika na mimi shati. Katikati ya nywele zile akachomoa chipu, uchi, miguu yake imenasa nywele kama samaki kwenye nyavu.

"Mama Riziki," nikasema polepole. "Ilikuja kwenye nini?"

"Ilikuja imechomekwa kwenye sponji nyeusi, ndani ya kimfuko kinachong'aa, kama kitu cha jasusi. Nikasema hiki ndicho kitakachoniponza. Nikatupa."

Nyinyi mlicheka kwa sababu nilikaa sakafuni. Sasa mjue. Sponji ile na kimfuko kile ndivyo vilivyoilinda. Chipu za zamani kitu kinachoziua haraka ni cheche ndogo ya umeme, ile inayokuchoma ukivua sweta la nailoni wakati wa baridi. Na hakuna kitu duniani, hakuna, kinachotengeneza cheche zile kama kilo mbili za rasta zilizotikiswa kwenye sanduku kutoka Amerika mpaka Johannesburg. Niliilehemu hata hivyo. Niliiwasha. Taa zikawaka, mashine ikafikiri, kimya. Nikaitoa, nikapima mguu mmoja mmoja. Maiti.

"Nimekosea?" akauliza Mama Riziki, na tabasamu lote limemtoka.

"Hapana, mama. Umeificha vizuri mno."

Siku nne baadaye Neema akanisomea barua ya muuzaji. Serikali yao imejibu mapema. Chipu hii ni ya kizamani kiasi kwamba haimo kwenye orodha yoyote, haihitaji kibali, mtu yeyote aweza kupelekewa, na anasikitika kwa usumbufu. Je, tungependa aitume kwa njia ya kawaida? Loo, samahani, ameangalia, ile ilikuwa ya mwisho, na imeshanunuliwa na mwanamke mmoja wa huko huko.

Nilitoka nje nikasimama kwenye robot, zile taa za barabarani, ya pale kona mpaka ikabadilika mara sita, nikawa sivuki.

Jumatatu Papa Kasongo alipokuja nilimweleza yote: fomu, rungu, rasta. Nilitegemea atakasirika. Alisikiliza, mkono juu ya ubao.

"Lakini inafikiri?" akauliza.

"Inafikiri, Papa. Inaandika kwenye kidirisha. Inakosa mdomo tu."

"Na weye wiki ijayo unaacha kazi."

"Ndiyo."

"Bon. Basi utakuwa mudomo."

Hivyo ndivyo, vijana, mimi mtu wa drafti, nilivyopata kazi nyingine kabla ya kumaliza ya kwanza. Jumanne na Alhamisi asubuhi napanda ghorofa sita pale Berea, lifti haijafanya kazi tangu nimjue, natuliza magoti, nakaa. Papa anasogeza kipande, mimi nabonyeza, mashine inafikiri, kidirisha kinaandika, nasoma kwa sauti, nasogeza kipande cha mashine. Wiki ya kwanza nilisoma vibaya mara tatu kwa bahati mbaya, nikajirekebisha hapo hapo. Wiki ya pili nikasoma vibaya kwa makusudi.

Ilikuwa hivi. Papa alikuwa amevaa tai, nyumba imefagiliwa, ananicheka kwamba naita ngome "lile jumba". Kachangamka. Akasogeza malkia wake katikati ya ubao kwa majivuno. Hata mimi niliona. Mashine ikafikiri kidogo tu, kidirisha kikaandika: inamla malkia. Nikamtazama mzee yule. Nikasoma kitu kingine. Nikasema askari mmoja wa pembeni amepiga hatua moja, nikamsogeza askari, malkia nikamwacha pale.

Papa akainamisha kichwa. Akapapasa ubao mraba kwa mraba. Halafu akamshika malkia, akamsogeza. Nikabonyeza. Mashine ikapiga mlio wa kukataa.

"Inakataa nini?" akasema.

"Labda nimebonyeza vibaya."

Nikabonyeza tena. Ikakataa tena. Fundi mzima, miaka yote ile, nilikuwa nimesahau kwamba mashine inakumbuka. Kwa hesabu yake malkia yule alikuwa ameshaliwa zamani, na mtu hawezi kusogeza malkia ambaye hayupo.

"Fundi."

"Naam, Papa."

"Malkia yangu iko wapi?"

"Umeishika mkononi."

"Kwa mashini iko wapi?"

Chini barabarani teksi ilikuwa inapiga honi. Nikaisikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kusikilizwa.

"Imeliwa," nikasema.

"Lini?"

"Zamu iliyopita."

Nilitegemea tusi, na lingenistahili. Papa Kasongo alimchomoa malkia wake mwenyewe, akamlaza nje ya ubao, akafuta mikono kwenye suruali kama mtu anayeanza kazi.

"Rudisha ile askari ya uongo. Weka kila kitu vile mashini inasema. Na soma."

Nikarudisha. Nikasoma kilichoandikwa, herufi kwa herufi. Baada ya malkia ikaondoka ngome yake moja, kisha farasi, kisha ngome ya pili, mimi nasoma na sauti yangu inazidi kushuka, yeye anazidi kuinamia ubao, vidole vinakimbia, jasho linamtoka. Alipigana dakika arobaini. Hatua ya mwisho niliisoma kwa shida.

Akampapasa mfalme wake. Akapapasa kila mraba unaomzunguka. Halafu akapiga paja, akacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

"Imenipiga!" akasema. "Fundi, umeona? Imenipiga vibaya sana!"